Gari la Siku Mbili

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kahawa ya Muleba ilinukia mpaka barabarani. Watu waliianika mikekani, wakaipeleka kwenye chama cha ushirika, wakarudi na mabati, baiskeli na redio. Jumamosi alasiri redio ya Mutembei ililia barazani, na majirani walikuja kusikiliza habari za nchi yao mpya. Mkewe, Celina, aliwapitishia kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kwa sababu Uhayani mgeni asipotafuna kahawa hajakaribishwa. Zilikuwa siku tamu. Sisi tuliozikuta tunazikumbuka mpaka leo, na kuzikumbuka kwenyewe kunauma kidogo.

Mutembei hakuwa maskini. Alikuwa na kibanja kizuri, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Alikirithi kwa baba yake, mzee Rwegasira, ambaye kaburi lake lilikuwa katikati ya migomba. Nyumbani alibaki na binti mmoja, Immakulata. Binti huyo alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa shule kutoka Rubafu. Harusi ilipangwa wiki baada ya Pasaka.

Moyo wa Mutembei, hata hivyo, haukuwa kwenye harusi. Ulikuwa kwenye gari.

Lilikuwa gari jeusi, refu, lenye viti vya ngozi. Zamani lilikuwa la mzungu mkaguzi wa barabara. Siku moja, miaka kumi nyuma, Mutembei na baba yake walikuwa wamebeba kahawa kichwani kuelekea Kemondo. Gari lile likapita kwa kasi. Waliruka mtaroni, vumbi likawafunika wao na mizigo yao. Mzee Rwegasira alijipangusa macho, akacheka, akasema, "Mwanangu, mle ndani lazima mna raha." Mwaka uliofuata mzee alifariki.

Sasa mzungu alikuwa amerudi kwao. Gari liliachwa mjini Bukoba kwa mfanyabiashara aitwaye Bashiri. Bashiri alikuwa tayari kuliuza. Alikuwa tayari pia kulikodisha, kwa siku, kwa mwezi, hata kwa mwaka.

"Nitalinunua," Mutembei alimwambia mkewe wakati wa chakula cha mchana. "Immakulata atapelekwa kanisani ndani ya gari la baba yake."

Celina aliweka chini sahani ya ndizi. "Si wamesema linakodishwa pia?"

"Kukodi! Mama Imma, mimi mtoto wa Rwegasira nikodi? Watu watasema nini? Watasema nimeazima fahari kama mtu anayeazima koti la kwenda msibani."

Hapo alisema kweli. Sisi Wahaya tuna ugonjwa huo, na dawa yake haijapatikana. Tukipata tunataka kuonekana tumepata.

"Na fedha?" Celina aliuliza.

Mutembei alitazama pembeni. "Ninayo nusu. Nusu nyingine atanipa Kaijage, yule mnunuzi wa kahawa. Nitampa butura."

Butura ilikuwa ni kuuza kahawa ingali mbichi mtini. Mnunuzi hutoa fedha leo kwa bei ndogo. Kahawa ikiiva, huja kuivuna yeye. Mwenye mibuni hubaki kutazama.

"Misimu mingapi?"

"Mitatu. Kahawa isipotosha, atashika kibanja mpaka deni liishe."

"Baba Imma," Celina alisema. "Kibanja kikienda, wewe utarudi kwa ndugu zako. Watakupa pa kulala, maana wewe ni damu yao. Mimi nitarudi wapi? Wazazi wangu wamekufa. Mimi sina kwingine duniani ila hapa."

"Baba yangu alilitamani gari lile!"

"Alilitamani, waitu," Celina alisema, kwa neno letu la heshima. "Lakini hakukuambia uuze kaburi lake."

Mutembei aliacha chakula akatoka. Alikuwa na hasira, na alikuwa na aibu pia, lakini hasira ndiyo aliyoionyesha.

Mzee Yunus, jirani yao, alikuwa ameendesha malori ya kahawa kwa miaka mingi mpaka goti lilipomshinda. Mutembei alimwomba wafuatane mjini kulikagua gari. Alitumaini kwamba mtu wa magari atamuunga mkono.

"Twende," Yunus alisema. "Kutazama hakufilisi."

Walipanda basi mpaka Bukoba. Gari lilikuwa uani kwa Bashiri, linang'aa. Mutembei aliligusa kwa kidole kama anayegusa mtoto aliyelala. Yunus yeye hakugusa rangi. Alichungulia chini. Alipapasa tairi. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa. Kisha akamwambia Bashiri, "Hebu tulijaribu kwenye mlima."

Bashiri alikubali bila kinyongo. Waliendesha mpaka karibu na Kemondo, wakageuka. Mutembei aliketi nyuma, akafungua dirisha, akatazama mtaro aliorukia siku ile. Machozi yalimtoka. Kweli, mle ndani mlikuwa na raha.

Walipopanda mlima, mvuke ulianza kutoka kwenye rediyeta. Yunus alisimamisha gari kando, wakasubiri lipoe.

"Mzee Yunus, ninunue au nisinunue?" Mutembei aliuliza.

"Gari ni lako kuamua. Mimi nina maswali tu. Petroli utaipata wapi kule kwako?"

"Muleba."

"Ikiisha Muleba?"

Mutembei aliutazama mvuke.

"Spea za gari hili hazipo Bukoba. Zitaagizwa Kampala au Nairobi. Zinaweza kuchukua mwezi. Je, litalala wapi? Njia ya kufika kwako inapita kwenye migomba. Utakata migomba mingapi?"

"Kumi hivi," Mutembei alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa sikiliza, ndugu yangu. Gari huwa linakula hata likiwa limesimama. Betri inakufa, tairi zinaoza, kodi ya barabara inadaiwa. Anayelitumia kila siku kwa kazi, mimi humwambia nunua, maana kukodi kila siku ni kununua bila kumiliki. Anayelitumia mara chache, humwambia kodi. Kwa hiyo swali kubwa ni hili: wewe utalitumia mara ngapi?"

"Mara nyingi! Nina mikutano ya chama. Nina kanisa. Nina ndugu Maruku."

"Usinijibu leo. Kwaresima inaanza Jumatano. Chukua kikapu kitupu. Kila siku utakayohitaji gari kwa kweli, weka punje moja ya kahawa. Pasaka ikikaribia, tutazihesabu."

Mutembei alikubali, kwa sababu aliona atashinda. Kaijage aliombwa asubiri.

Siku ya kwanza alikuwa na mkutano wa chama. Alienda kwa miguu, kama siku zote, maana ofisi ilikuwa ng'ambo ya bonde tu. Njiani alikutana na watu sita, akasalimiana nao wote, akapata habari za ng'ombe aliyepotea na mtoto aliyezaliwa. Aliporudi alisimama mbele ya kikapu na punje mkononi.

"Gari lingefika kule bondeni?" Celina aliuliza.

"Hapana. Kuna daraja la magogo."

"Basi usijidanganye."

Alirudisha punje. Jumapili walikwenda kanisani kwa miguu pamoja na majirani, na hapo pia hakuweka punje. Aliweka punje mbili tu wiki ya pili, alipokwenda Maruku kuomba vichipukizi vya migomba na kurudi kesho yake. Wiki ya nne aliweka mbili nyingine. Shemeji yake aliugua, wakamfuata Bukoba.

Kisha mambo yakaharibika. Alikuja mgeni, padri kijana kutoka mjini, wakati Celina yuko kisimani. Mutembei alimkaribisha, akainua kikapu cha karibu bila kutazama. Padri akatafuna. Mutembei alipogundua kuwa ni kikapu cha hesabu, alishika kichwa.

"Zilikuwa kumi na tano!" alimwambia Celina aliporudi. "Padri amekula ushahidi wangu wote!"

Celina alicheka mpaka akaketi chini. "Zilikuwa nne, Baba Imma. Nilikuwa nazihesabu kila asubuhi. Na unamsingizia padri, tena ndani ya Kwaresima!"

Mutembei alijaribu kununa, akashindwa. Alicheka naye. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu siku ya yale maneno. Kicheko kilipoisha aliitazama mibuni yake iliyojaa punje za kijani.

"Nne," alisema. "Kwa siku nne nilitaka kutoa misimu mitatu. Na wewe nilikuwa tayari kukutoa."

"Ulikuwa umelewa gari," Celina alisema.

"Nisamehe."

Asubuhi yake alimwendea Kaijage, akamwambia hakuna butura. Kaijage alinung'unika, akaenda zake kutafuta mwingine. Mutembei na Yunus wakarudi kwa Bashiri.

"Nataka kukodi," Mutembei alisema. Neno lile lilitoka kwa shida, lakini lilitoka. "Siku mbili. Kwenda na kurudi."

"Hakuna neno," Bashiri alisema. "Tushikane mikono."

"Mikono tutashikana," Yunus alidakia, "lakini baada ya kuandika. Aliyekodi bila karatasi hana pa kusimamia."

Bashiri alicheka akaleta karatasi. Yunus aliwataka wakubaliane jambo moja baada ya jingine. Gari litafika lini, litarudi lini? Bei ni kiasi gani, na inalipwa lini? Petroli ni ya nani? Wakaandika kuwa ni ya Mutembei. Dereva ni wa nani? Wa Bashiri.

"Na gari likiharibika njiani?"

Bashiri alikuna kidevu. "Ikiwa mmelijaza watu kumi, ni juu yenu. Likiharibika lenyewe, ni juu yangu."

"Andika hivyohivyo."

Waliandika nakala mbili. Kila mmoja alitia sahihi, Yunus akawa shahidi.

Siku ya harusi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari lilifika hata hivyo, likasimama barabarani mbele ya migomba, jeusi, limefungwa maua meupe. Immakulata alipanda na gauni lake. Celina aliketi kando yake. Mutembei aliketi mbele, mgongo wima, na kila aliyewaona alipiga vigelegele. Nani aliuliza kama gari ni la kukodi? Hakuna. Watu walimtazama bibi harusi.

Baada ya misa, wakati wa kurudi, mlima ulikuwa utelezi mtupu. Gari lilinguruma, likanuka kama mpira unaoungua, kisha likasimama. Dereva alishuka akafungua boneti, akarudi akitikisa kichwa.

"Klachi imekwisha, mzee. Spea yake haipo Bukoba."

Watu walimtazama Mutembei kwa huruma. Mmoja alimshika bega. "Pole sana, waitu. Hasara kubwa."

"Pole mpe mwenyewe," Mutembei alijibu. Alijipapasa mfukoni, karatasi ilikuwepo. "Mimi nimekodi."

Alimfungulia binti yake mlango. Akina mama walikata majani ya migomba wakamfunika, wakamzingira, wakaanza kuimba. Wote waliupanda mlima kwa miguu, viatu mkononi, mpaka nyumbani. Wazee wa Muleba walisema hawajapata kuona harusi iliyoingia nyumbani kwa kelele kama ile. Gari lilikaa pale kilimani wiki tano likisubiri klachi, na Bashiri ndiye aliyelilipia mlinzi.

Mwezi wa sita kahawa ikaiva. Walivuna wenyewe, mume na mke, wakaipeleka chamani wenyewe. Sehemu ya fedha iliezeka nyumba mabati.

Jambo moja lilikuwa limebaki moyoni mwa Mutembei. Alikuwa ameona karatasi inavyoweza kumlinda mtu. Siku moja alimwita Yunus na katibu wa chama, akaweka meza chini ya paa jipya. Akaandika kwamba kibanja hiki hakiuzwi, wala hakiwekwi rehani, wala kahawa yake haiuzwi ikiwa mtini, bila Celina kukubali. Akaandika pia kwamba yeye akifa, Celina atakaa humo mpaka mwisho wa maisha yake.

"Weka jina lako hapa," alimwambia.

Celina alikuwa amesoma miaka miwili tu kwa masista. Aliandika polepole, akisimama kila herufi. Alipomaliza, alienda nyuma ya nyumba, na wote walimsikia akilia.

Miaka ilipita. Vijiji vya ujamaa vilikuja, bei ya kahawa ilipanda na kushuka, na Mutembei alifariki mwaka wa mvua nyingi. Matanga yalipoisha, ndugu zake watatu walikuja kumwambia mjane afungashe vitu vyake, kama ilivyokuwa desturi. Celina aliwakaribisha viti. Akaingia ndani, akatoka na karatasi, akampa mkubwa wao asome kwa sauti.

Alisoma mpaka mwisho. Aliikunja, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "sisi tulipita kukusalimu tu."