Kifungo cha Nne

Mezani palikuwa na vifungo vinne, na waliopiga kura walikuwa watatu.

Hakuna aliyeshtuka. Wangekuwa watu wa kawaida wangeshtuka, lakini hawa walikuwa mashabiki, na shabiki akishaingia kwenye ubishi hata nyumba ikiungua atauliza kwanza moto umeanzia upande wa nani.

Bendi waliyoipenda ilikuwa imevunjika zamani. Ilichanganya gitaa la umeme na fidla, kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na zumari moja nene lenye sauti ya mtu anayekoroma ndani ya kisima. Wengi wakiisikia huuliza kama gramafoni imeharibika. Iliacha albamu nne tu, na kila Jumapili alasiri watu hawa walikutana kubishana ipi ni bora kuliko zote.

Mwenyeji alikuwa Fundi Makochi, ambaye chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Wenzake walikuwa Mwalimu, mfundishaji wa fizikia, na Kinyozi wa mtaa wa pili. Wakishasikiliza walipanga majalada manne ya santuri mezani, kila mmoja akachukua kifungo cha kochi na kukiweka juu ya albamu yake. Mwalimu aliweka kwenye ya pili. Fundi aliweka kwenye ya tatu. Kinyozi aliweka kwenye ya nne, kwa sababu ndiyo iliyomwumiza masikio zaidi. Kura zilifungana Jumapili zote, wakaagana wamenuna. Albamu ya kwanza, iliyoitwa Dirisha, haikuwahi kupata kura.

Leo juu ya Dirisha palikuwa na kifungo.

"Nani anatuchezea?" Mwalimu akauliza.

Fundi alikiokota. Kilikuwa na joto kama kimetoka mfukoni mwa mtu mwenye homa.

Mkewe alikuwa anaingia na sinia la chai. "Msinitazame mimi, sijagusa kitu," akasema. "Ila mngeniuliza, ningeweka hapohapo. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote."

Wakacheka. Kinyozi alicheka mpaka chai ikammwagikia gotini.

"Shemeji, hiyo ni ya kubembelezea watoto."

"Ndiyo aliyoniletea mume wangu kabla hajanioa. Tuliisikiliza mpaka majirani wakatugongea ukuta." Alimtazama mumewe, akingoja amwunge mkono. Mumewe alikuwa ameinama, anapuliza vumbi kwenye santuri ya tatu. Mke akachukua sinia lake akarudi jikoni.

Kinyozi, ambaye mzaha ukimwingia hautoki mpaka umalize kila kitu, alivuta kiti cha nne karibu na meza. "Haya, mjumbe wa nne, popote ulipo, kaa. Tumechoka kufungana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Watu hudhani jini husubiri giza. Hili liliingia mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, limekaribishwa kwa methali na kupewa kiti. Ikaja harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Kisha springi za kiti cha nne zikabonyea taratibu, zikabaki zimebonyea. Fundi aliliona hilo, maana kiti alikitengeneza mwenyewe, akajiambia springi zimechoka.

Jumapili iliyofuata mkewe alileta chai, akaweka sinia chini, akakaa kwenye kiti cha nne. Hakuwahi kukaa nao hata siku moja.

"Katika albamu ya pili," akasema, "kuna mahali fidla inakosea. Mpigaji alikuwa analia. Alikuwa amenyimwa ruhusa ya kwenda kumzika mama yake."

Sauti ilikuwa yake, ila chini yake palikuwa na sauti nyingine, nzito, iliyochelewa kidogo nyuma ya maneno. Mwenye akili angeinuka, akavaa viatu, akaenda. Mwalimu alisogeza kiti mbele.

"Si kweli, shemeji. Lile si kosa, ni makusudi."

Wakabishana mpaka jua likazama. Jumapili zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Alijua wanabendi waligombania nini siku ya kurekodi, nani alikanyaga waya wa nani, kwa nini zumari linanyamaza ghafla mwisho wa albamu ya nne. Akimaliza kuibomoa albamu ya mmoja anahamia ya mwingine, nao wanampinga huku macho yanawaka kwa raha. "Shemeji ameiva," Kinyozi alisema njiani. Na Fundi, nalisema hili kwa uchungu, aliona fahari. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwonea mkewe fahari kama wakati ule ambao aliyemo ndani hakuwa mkewe tena.

Maana Jumatatu hadi Jumamosi mwanamke yule hakusema neno. Alikaa kwenye kiti cha nne, chakula kikapoa mbele yake, akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni yenyewe ikabingirika chini ya kabati. Fundi aliiokota akaitia mfukoni. Aliona. Asiseme hakuona.

Kilichomtoa usingizini kilikuwa kitu kimoja. Mchana mmoja alikuwa anapigilia kitambaa kwenye kochi la mteja, gramafoni imezimwa na waya umechomolewa, akasikia lile zumari nene likianza chini kabisa, akadhani ni gari barabarani, akasimamisha nyundo, na sauti ikazidi kupanda kutoka nyuma yake, ikapita sakafuni mpaka kwenye nyayo zake, akageuka polepole kwa sababu shingo ilikataa kugeuka haraka, akamwona mkewe amekaa wima, midomo imefumbwa, na kifua kinaimba, kinaimba bila kupumua, pumzi moja isiyo na mwisho, huku machozi yanamtiririka kama ya mtu anayeita msaada kutoka chumba kilichofungwa.

Alikimbia kumwita shangazi wa mkewe, mama mmoja mganga, asiyependa maneno mengi wala wakwe.

Shangazi alisimama mlangoni akanusa. Akasikiliza habari yote, kuanzia kifungo.

"Mkwe, mlilipatia kiti?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa mzaha, Shangazi."

"Kwenu. Hili ni jini la ubishi. Mnapobishana linakula. Yakiisha maneno litamla huyu."

"Linatokaje?"

"Kubalianeni. Nyote watatu, albamu moja, kwa moyo mmoja. Atakayetia 'lakini' anamzika mpwa wangu."

Mwalimu na Kinyozi waliitwa, wakaja wamenywea. "Sasa tuchague ipi?" Mwalimu akanong'ona.

"Mnaniuliza mimi? Chagueni ile aliyoipenda yeye. Mngemsikiliza siku ile, lisingeona mlango."

Wakaiweka Dirisha kwenye gramafoni. Ilipoanza, mwanamke kitini alianza kutetemeka, na harufu ya kuungua ikajaa chumba mpaka macho yakawawasha. "Dirisha ndiyo bora," Mwalimu akasema, jasho likimtoka kama anayemeza jiwe, akaweka kifungo. "Dirisha ndiyo bora," Kinyozi akasema, akilia waziwazi, akaweka chake. Fundi alikuwa wa mwisho. Naye alikuwa anasikia fidla ile ya mwanzo, akakumbuka chumba kidogo, santuri chini ya kwapa, msichana aliyemwambia rudisha nyuma tuisikie tena, na majirani wanagonga ukuta nao wanacheka, na moyo wake ukalainika kabisa, pasipo hila, akasema, "Dirisha ndiyo bora kuliko zote," na alimaanisha.

Kiti kikalia. Springi zikapanda taratibu, kama mtu mzito ameinuka juu ya magoti ya mtu mwepesi. Harufu ikatoka dirishani. Mwanamke akavuta pumzi ndefu, ya kwanza iliyokuwa yake mwenyewe, akafumbua macho.

"Kweli, mume wangu?" akauliza, kwa sauti yake peke yake, ndogo, iliyochoka. "Kweli ndiyo bora?"

Shangazi aliinua kidole kumwonya Fundi. Lilihitajika neno moja tu. Na Fundi alimpenda mkewe, hilo sitalikataa. Lakini alipenda pia kuwa sahihi, na mapenzi hayo yalikuwa ya zamani zaidi.

"Ndiyo," akasema. Ulimi ukaendelea wenyewe, kwa mazoea tu. "Kwa mtu anayeanza."

Mkewe alimtazama. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizia nafasi akaambiwa imejaa. Kisha springi zikabonyea.

Shangazi alijitanda mtandio wake, akatoka. Fundi alimfuata mpaka barabarani, akamshika mkono, akamsihi ajaribu tena.

"Jini ningelitoa," Shangazi akasema. "Hilo lako ndilo siliwezi."

Mwalimu na Kinyozi hawaji tena. Jumapili alasiri Fundi huchemsha chai mwenyewe, huleta sinia, hupanga majalada manne mezani mbele ya kiti cha nne. Anachukua kifungo anakiweka juu ya Dirisha. "Hii ndiyo bora," anasema, na haongezi kitu. Husema tena. Hupiga magoti akasema tena, huku pete imemkaa kiganjani.

Kitini midomo haifunguki. Zumari linacheka taratibu kifuani mwa mwanamke yule.

"Hiyo," linasema, "ni ya kubembelezea watoto."

Kisha kifungo husogea chenyewe mezani, kikapita albamu ya pili, kikatulia juu ya ya tatu, ile ya Fundi.