Mashati Matano kwenye Meli ya Kijivu

Kila siku kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, wanafunzi wa darasa la sita walishuka ngazi kwa vishindo kama gunia la viazi lililopasuka. Wawili tu walipanda juu, hadi kwenye veranda ya ghorofa ya pili. Mmoja alikuwa msichana aliyeitwa Mwandiko. Hilo halikuwa jina lake la kwenye rejista, lakini herufi zake zilikuwa nzuri mno, hata walimu walimwomba awaandikie vyeti. Wa pili alikuwa jirani yake wa dawati, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia.

Mwalimu wa jiografia alikuwa amewapa kazi ya siku thelathini. Shule yao ilikuwa mlimani, na kutoka kwenye veranda ile bandari yote ilionekana: kreni, makontena yaliyopangwa kama matofali, na meli zilizotia nanga nje zikisubiri zamu.

"Nguo mlizovaa, kalamu mnazoandikia, hata mafuta ya taa, vingi vimefika hapa kwa meli," mwalimu alikuwa amewaambia. "Zamani zilikuja meli ndogo nyingi. Siku hizi zinakuja chache, lakini kila moja ni kama mtaa mzima umewekwa juu ya maji. Nataka mlione badiliko hilo kwa macho yenu. Mtatazama kila siku, mtaandika mlichokiona. Basi."

Alimkabidhi Mwandiko darubini na daftari jipya. Redio alipewa kazi ya kuhesabu.

Siku tano za mwanzo zilikuwa raha. Waliandika meli zilizoingia, zilizotoka, na zilizobaki. Kati ya zilizobaki kulikuwa na moja ya kijivu, ndogo, yenye kutu iliyochuruzika ubavuni kama machozi. Ilikuwa imetia nanga karibu na ukuta wa mawe unaozuia mawimbi, na ilikuwa pale tangu muhula uliopita. Haikuwasha taa. Haikupiga honi. Hakuna aliyewahi kumwona mtu juu yake.

Lakini kwenye reli yake, upande unaotazama nchi kavu, kila siku yalining'inia mashati matano: jekundu, la bluu, la njano, jeupe na la kijani. Kila siku kwa mpangilio uleule.

Siku ya sita mvua ilinyesha tangu asubuhi. Bahari ilifunikwa na ukungu, na meli zote zilipotea. Mwandiko alipotaka kufunga daftari, ukungu ulipasuka mahali pamoja tu, na meli ya kijivu ikatokea kana kwamba imesogea karibu. Mashati yalikuwa palepale, yamelowa, yameshikamana na reli.

"Nani anaanika nguo kwenye mvua?" Redio aliuliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu akiona wingu dogo tu anatutuma sote tukaanue. Mtu aliye hai haaniki kwenye mvua."

Wakati huohuo upepo ukageuka, ukaleta mlio kutoka baharini. Ngo. Ngo. Ngo. Chuma kikigongwa kwa chuma, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoifahamu.

Wasichana wale hawakusubiri kusikia mara ya pili. Walitimua mbio, na Redio alipoteza kiatu kimoja ngazini, asikirudie mpaka kesho yake.

Jioni hiyo Mwandiko alikaa mezani na daftari lake. Baba yake, dereva wa kreni bandarini, alikuwa anakula upande wa pili.

"Baba, ile meli ya kijivu ina nani?"

"Ile? Ina mlinzi mmoja tu. Kampuni yake imekufa. Haya majitu ya meli za siku hizi yanabeba mizigo ya meli kumi kwa bei nafuu, wadogo wanabaki hawana cha kubeba. Hata sisi, jitu moja likija tunalipakua siku mbili bila kupumzika, halafu tunakaa tunatazamana. Mabaharia wa ile walisharudishwa kwao."

"Na mashati matano?"

Baba alicheka. "Mlinzi anapenda usafi. Kwani ni dhambi?"

Mwandiko hakucheka. Aliwaza siku ishirini na nne zilizobaki, na ule mlio. Kisha akawaza jambo lililomtuliza. Meli ya kijivu haibadiliki. Kila siku ni ileile. Meli nyingine Redio angeweza kuzihesabu kupitia dirisha la darasani, bila darubini, na yeye angemwachia nafasi ya tarakimu. Alichukua kalamu, akaandika kwa herufi zake nzuri: *Siku ya saba. Meli ya kijivu. Mashati matano. Hakuna badiliko.* Kisha siku ya nane. Kisha ya tisa. Kabla mama hajamwita aoshe vyombo alikuwa amemaliza mpaka siku ya thelathini, na kurasa za siku zisizofika akazibana kwa kibanio.

Tangu hapo hawakupanda tena kwenye veranda, na mwalimu akiwauliza walijibu kwa pamoja, "Tumeshaandika, mwalimu." Huo haukuwa uongo kamili. Ndiyo sababu ulitoka kwa urahisi.

Siku ya kumi na nne ilikuwa siku ya mtihani wa hesabu, na chumba chao kilitumiwa na darasa la saba. Wao walihamishiwa ghorofa ya pili. Mwandiko alipomaliza mapema aliinua macho, na kupitia mlangoni akaiona meli ya kijivu. Rangi zilionekana hata bila darubini. Alihesabu. Akahesabu tena. Bluu, njano, nyeupe, kijani. Shati jekundu halikuwepo.

Karatasi za mtihani zilipokusanywa alifungua daftari. *Siku ya kumi na nne. Mashati matano.* Wino ulikuwa umekauka siku nyingi. Kufuta kungechafua ukurasa, na mwalimu angeuliza kwa nini. "Limepeperuka tu," alijiambia, akalifunga.

Wiki moja baadaye alitumwa kupeleka chaki juu. Hakutaka kutazama, lakini macho hayakumsikiliza. Yalikuwa matatu. Mlio nao ulikuwa umebadilika. Ngo. Halafu kimya kirefu, mtu anaweza kusoma aya nzima. Ngo.

Jioni hiyo alirudisha sahani ikiwa imejaa. Mama alimpima joto kwa kiganja, akasema, "Huna homa. Una jambo." Mwandiko alisema ni uchovu wa mitihani.

Siku ya ishirini na tano mwalimu wa jiografia aliingia darasani na mgeni. Alikuwa mama mrefu aliyevaa sare nyeupe yenye mistari ya dhahabu mabegani. Ndiye aliyekuwa mkuu wa bandari, na kila mtu mjini alimwita Nahodha, ingawa siku hizi aliongoza meza zaidi kuliko meli.

"Nahodha anataka kuonyesha kazi zenu ofisini kwake," mwalimu alisema kwa fahari. "Na ya kwanza ni ya Mwandiko. Tazama kazi hii, Nahodha. Hakuna doa hata moja."

Walipanda kwenye veranda, darasa zima nyuma yao. Hewa ilikuwa imetulia na bahari ilikuwa nyeupe kama maziwa. Nahodha aliweka darubini machoni, akaitembeza polepole, kisha akasimama.

"Ajabu," alisema. "Hapa daftari linasema jana mashati yalikuwa matano. Leo naona mawili."

Mwandiko alirudi hatua moja nyuma.

"Basi mlinzi kaanua nguo zake," Nahodha aliendelea. "Karatasi ya wakala wa meli ile inasema amebaki mtu mmoja. Kama jana yote yalikuwepo, hakuna neno. Tutatazama tena wiki ijayo." Aliinua mkono afunge daftari.

Ngo, ilisikika kutoka majini. Moja tu.

Wote waliisikia. Redio alimshika Mwandiko mkono, kucha zikamwingia.

"Nahodha," Mwandiko alisema. Sauti ilitoka kama si yake. "Shikamoo. Usifunge. Toa kile kibanio, ufungue ukurasa unaofuata. Utaiona kesho."

"Nitaona nini?"

"Kesho. Nimeshaiandika."

Nahodha alitoa kibanio kilichoshika kurasa za mwisho. Alisoma siku ya ishirini na sita, ya ishirini na saba, ya ishirini na nane. Siku ambazo jua lake lilikuwa bado halijachomoza zilikuwa pale kwa wino mzuri wa bluu, mashati yote matano yakiwa salama. Mwalimu alichungulia begani mwake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Niliogopa," Mwandiko alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilitazama siku sita tu. Nyingine nimezitunga. Lakini siku ya kumi na nne niliona manne, siku ya mtihani wa hesabu. Siku ya ishirini na moja niliona matatu. Sikuandika kwa sababu ukurasa ungechafuka."

"Nitazame usoni. Una hakika na siku hizo?"

"Ndiyo, Nahodha."

"Yanapungua moja moja, na hayarudi?"

"Hayarudi. Na hata mvua ikinyesha hawaanui."

Nahodha hakumgombeza. Hilo lilimtisha Mwandiko kuliko kugombezwa. Alitoa simu mfukoni, akapiga huku bado anatazama baharini. "Pelekeni boti ya doria kwenye meli ya kijivu. Sasa hivi. Chukueni daktari na maji ya kunywa."

Walisimama kando ya reli ya veranda, wanafunzi arobaini. Boti ilikata maji meupe, ikaonekana ndogo, ikafika chini ya ule ubavu wenye kutu. Watu walipanda kwa ngazi ya kamba. Muda ulipita. Mwandiko alipewa darubini.

Kisha pale kwenye reli, katikati ya shati jeupe na la kijani, alisimama mtu. Alikuwa amekonda hata nguo zilimning'inia kama na yeye ameanikwa. Alitazama moja kwa moja kuelekea shuleni. Aliinua mkono mmoja, ulioshika kipande cha bomba, na kukiachia kianguke majini.

Siku nne baadaye Nahodha alirudi darasani. Alikaa juu ya dawati la mbele kama mwanafunzi, akawasimulia.

Meli ile haikuwa na mlinzi mmoja. Ilikuwa na mabaharia watano. Mwenye meli alipokosa mizigo alizima simu na kutoweka, na wakala wake akaandika kwamba wamerudishwa kwao, amebaki mlinzi mmoja tu. Mafuta yaliisha, redio ya meli ikazimika. Fataki zao za kuomba msaada walizirusha zote, na watu wa nchi kavu walidhani ni harusi. Wakabaki na maji ya tangi yaliyooza, wakigonga chuma kwa kipande cha bomba ili wasikike.

"Na mashati?" Redio aliuliza.

"Walikubaliana kwamba kila anayeweza kusimama asubuhi atatundika shati lake upande wa nchi kavu. Walitumaini kuna mtu anawahesabu. Wa kwanza kushindwa kusimama alikuwa fundi wa mitambo. Shati lake lilikuwa jekundu."

Darasa lilisisimka.

"Wamekufa?" Mwandiko aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Wako hospitali wote watano. Fundi amezinduka jana. Daktari anasema siku mbili zaidi zingemmaliza. Na yule wakala yuko polisi anajieleza."

Mwandiko alisimama. Swali lilikuwa likimsumbua tangu siku ile, na alijua hatalala mpaka aliulize. "Kama ningesema siku ya kumi na nne?"

Nahodha angeweza kumfariji kwa neno tamu, lakini hakufanya hivyo. "Wangeteseka siku kumi na moja pungufu. Siwezi kukwambia vinginevyo, mwanangu."

Mwandiko aliinamisha kichwa.

"Lakini nisikilizeni nyote," Nahodha aliendelea. "Karatasi tatu zilisema meli ile haina shida. Ya wakala, ya ofisi yangu, na daftari hili. Wakala alijua ukweli akauficha. Mimi niliipokea karatasi yake, nikapiga muhuri bila kwenda kutazama, na mimi ni mtu mzima mwenye boti sita. Katika karatasi hizo tatu, moja tu ndiyo iliyosahihishwa na aliyeiandika, mbele ya watu, akijua ataaibika. Kwa hiyo watu watano wanapumua."

Mwalimu wa jiografia alikohoa. "Hata hivyo alama ni sifuri," alisema. "Kwake na kwa Redio. Na kazi itarudiwa yote, siku thelathini."

"Nilikuwa nahesabu tu!" Redio alilalamika, na darasa likacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Ulikuwa unahesabia dirishani," mwalimu alimjibu. Kisha akamgeukia Mwandiko, akampa daftari jipya, na sauti yake ikalainika. "Mwandiko mzuri ni zawadi, binti yangu, lakini haugeuzi uongo ukawa kweli. Unaufanya uaminike tu, na hapo ndipo hatari ilipo. Andika ulichokiona. Ukikosea, kata mstari uandike upya, ukurasa uchafuke. Na siku usiyoona kitu, andika kwamba hukuona. Kuna mtu mahali fulani anategemea maneno yako, hata kama humjui."

Alasiri hiyo ukungu ulirudi, mzito kuliko wa mwanzo. Mwandiko na Redio walipanda kwenye veranda wakasimama bega kwa bega, wakatazama mpaka macho yakawauma. Kisha Mwandiko alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika: *Siku ya kwanza. Ukungu. Tumetazama nusu saa. Hatukuona meli hata moja.*