Kipimo cha Chumba Baridi

Ukumbi wa maonyesho ya kompyuta ulikuwa umejaa pomoni, na nusu ya watu walikuwa wameizunguka meza moja. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeusi limekunjwa mpaka viwikoni, akiisukuma prosesa ya bei mbaya, ule ubongo wa kompyuta, ipite kasi iliyotoka nayo kiwandani. Wenzake walimwita Volti. Kila alipoongeza kidogo watu walipiga makofi, na nyuzi joto zikazidi kupanda kwenye skrini.

Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kijani hakupiga makofi. Kazi yake ilikuwa kupima prosesa kwa ajili ya jarida la kompyuta, na macho yake yalikuwa kwenye mirija ya maji ya kupozea. Akaugusa mmoja, ulikuwa wa moto. Akaugusa wa pili, baridi kabisa. Pampu ya kuyazungusha maji ilikuwa imesimama. Hakuomba ruhusa kwa mtu; alizima umeme, skrini ikafa, umati ukaguna.

"Dada, unajua umefanya nini?" Volti aliuliza kwa sauti ya chini, uso umemwiva.

"Gusa hapo kwanza, halafu unitukane."

Akagusa, na matusi yakamwishia mdomoni. Kabla maonyesho hayajafungwa Volti alikuwa ameshamwomba namba yake ya simu, eti pampu ikimsumbua tena apate wa kumuuliza.

Pampu haikusumbua tena, ila simu hazikukoma. Volti alimwita Bibi Nyuzi, kwa kuwa mwanamke huyo hakuamini kitu mpaka akipime, naye akaitwa Bwana Moto. Walikula pamoja mchana kwenye mgahawa uliotazamana na ofisi ya jarida, wakibishana kuhusu feni na volti mpaka chakula kikapoa, na mhudumu akazoea kuwauliza kama wapashiwe. Haikupita miezi mingi, kila mmoja alijua moyo wake umekwenda wapi.

Ndipo ikatoka prosesa mpya iliyokuwa ikingojwa na kila mtu. Volti, aliyekuwa fundi wa duka moja kubwa la kompyuta, akatoa video akionyesha ameifikisha kasi ambayo wengine walikuwa wakiiota, na joto halikufika nyuzi tisini. Studio moja ya katuni ikamwita, ikitaka aache duka akawajengee mashine zao zote. Alimpigia Bibi Nyuzi akihema kwa furaha kama aliyepanda ngazi mbio.

"Mpenzi, wamenikubali. Imebaki kutia saini tu."

Bibi Nyuzi alifurahi kwelikweli. Lakini prosesa kama ile ilikuwa mezani kwake, na zamu ya kuipima ilikuwa yake. Akaiwekea mipangilio ya Volti bila kubadilisha kitu, akaanzisha mtihani. Nyuzi zikapita tisini, zikagonga mia, mashine ikazimika. Akafuta dawa ya kupitisha joto, akapaka nyingine, akafunga upya na kurudia. Ikazimika tena. Alishika simu, kidole kikasita juu ya jina la Volti, akaiweka chini. Mhariri alikuwa akisubiri. Akaandika kwamba matokeo ya Volti hayaingii akilini.

Siku makala ilipotoka, studio ilijiondoa. Volti akapiga simu.

"Umewaambia watu mimi ni mwongo."

"Nimeandika nilichokipima."

"Namba yangu unayo. Kuniuliza tu kulikushinda?"

Simu ikakatwa.

Kuanzia hapo Bibi Nyuzi alikuwa akiacha chakula sahanini. Mama yake aliulizia kilichomsibu, akaambiwa ni uchovu wa kazi, wala hakudanganyika. Siku moja alifungua ile video, si kwa ajili ya nyuzi, bali asikie sauti ya Volti tu. Hapo ndipo alipoona asichokiona mwanzo: ingawa ulikuwa msimu wa joto kali, Volti alikuwa amevaa koti zito lililofungwa mpaka shingoni, kama mtu aliye chumba cha baridi.

Alitoka mbio kwenda dukani kwa Volti, hata viatu hakubadilisha. Volti alimkuta mlangoni pa duka, akamsikiliza bila kumwangalia, kisha akamwongoza mpaka chumba cha seva, kompyuta kubwa zinazowaka saa zote, ambako viyoyozi huunguruma mchana kutwa na baridi hupenya mifupa. Mashine ya kwenye video ilikuwa palepale. Akaanzisha mtihani, wakasimama bega kwa bega bila kugusana.

Nyuzi themanini. Themanini na nne. Feni zikavuma kwa nguvu zaidi. Themanini na nane. Bibi Nyuzi hakujua anaomba zipande aonekane alikuwa sahihi, au zisimame. Zikasimama, zikatulia hapo mpaka mtihani ukaisha.

"Ni kweli," alisema. "Ila hukusema chumba ni baridi hivi."

"Sikusema. Hilo ni langu, nalikubali. Na lako?"

"Niliogopa kukupigia. Ningesikia sauti yako ningekuamini kabla ya kupima. Nikaona bora nisikuulize, na kumbe hapo ndipo nilipokukosea."

Palepale Bibi Nyuzi alimpigia mhariri, akaomba masahihisho yachapwe yenye jina lake. Volti alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia studio imeshapata fundi mwingine.

"Kazi hiyo siwezi kukurudishia," Bibi Nyuzi alisema, machozi yakimlenga. "Naweza tu kukuuliza leo, kwa kuwa siku ile sikupiga simu. Bado unanitaka?"

"Nina hasira na wewe."

"Najua."

"Hasira nyingi, Bibi Nyuzi. Na ukitoka hapa bila mimi zitazidi."

Volti alizima mashine, akafunga mlango wa chumba, akaushika mkono wake uliokuwa umekufa ganzi kwa baridi.

"Twende kwenu," alisema. "Nataka mama yako anisikie kwa masikio yake nikikuomba uwe mke wangu."