Kaburi Langu Pale Kerende

Mimi Ghati nawajua wanasheria wote wa Tarime hii, na wote wananijua. Nikisema wote, hesabuni wawili. Nikisema wanasheria, walikuwa bado wanafunzi wa chuo, wametumwa kwetu kujifunza kazi. Na siku waliponifahamu, mimi nilikuwa nimeshazikwa. Basi msiniheshimu kupita kiasi. Kaeni niwaeleze.

Kabla ya hayo yote, boma letu la Kerende lilikuwa na amani. Jioni Boke anasonga ugali wa mtama, mbuzi wanarudi, mimi nimekaa langoni nimenyoosha miguu, nachambua karanga. Boke ni mke wangu. Mliotoka mbali msishtuke, sisi Wakurya tunaiita nyumba ntobhu. Mume wangu alifariki bila kuniachia mtoto wa kiume. Sikutaka boma life, nikatoa ng'ombe, nikaoa. Watoto anaowazaa Boke ni wa boma langu. Wao wananiita bibi, mama yao ananiita mama. Mambo mengine msiniulize. Kazi yangu mimi ilikuwa kula ugali.

Lango letu ni jembamba, na ua wote ni minyara. Nikinyoosha miguu pale, hata kuku hapiti. Robi, mjukuu wangu mkubwa, akitumwa maji husimama na ndoo yake.

"Bibi, kunja miguu nipite."

"Ruka."

"Siruki."

"Kwa nini huruki? Miguu yenyewe mikavu kama kuni."

"Mama kasema anayeruka miguu ya mzazi wake amemtangaza maiti."

Nacheka, nakunja, anapita. Hilo mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kuhesabu. Lishikeni na nyinyi, litawafaa mbele.

Ndipo dhahabu ikatukaribia. Habari zikaja kwamba mgodi unapanua mashimo, na watathmini watapita kuandika kila nyumba na kila kaburi vya kulipwa fidia. Ndugu zangu, mliokuwepo mnajua wazimu uliotushika. Watu wakaanza kutegesha. Nyumba zikaota kama uyoga katikati ya mahindi, hazina jiko, hazina mlango wa kufunguka, hazina mtu. Zimetegwa kama mtego wa panya, zinamngoja mtathmini. Upepo ukivuma bati zinagongana, utadhani kuna karamu ndani. Watoto wakisimama dirishani wakaita "hodi," nyumba inajibu "hodi" kwa sauti yao wenyewe. Mbuzi wangu, ambao huingia hata kanisani, hawakukanyaga humo.

Waitara, mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu, alitegesha mpaka ardhi ikamwishia. Akaanza kuitazama ya kwangu. Huyu nilimlea mwenyewe, alikunywa uji wangu mpaka akaota ndevu.

Wakati huo mguu wangu ulikuwa umevimba. Akaniambia, "Mama mkubwa, Isebania kuna daktari mzuri, twende." Akanipakia kwenye pikipiki, tukavuka mpaka wa Sirari, akaniacha kwa ndugu yangu mmoja upande wa Kenya. Simu yangu akaondoka nayo, eti kioo kimepasuka, anaipeleka kwa fundi. Haukupita muda akarudi analia. Alilia vizuri, kamasi na yote. Akasema shimo limeporomoka nyuma ya nyumba, limemfukia Boke na watoto wote wawili, miili haijapatikana, na wazee wamekataza nisikanyage boma mpaka litakaswe.

Mtaniuliza niliaminije. Angesema wameliwa na chui, ningemcheka. Lakini shimo? Nani Nyamongo hii yetu ya dhahabu hajawahi kulilia shimo?

Kumbe huku Kerende alikuwa ameshamaliza upande wa pili. Alimwambia Boke nimefia Isebania. Akaleta kitu kirefu kimefungwa blanketi langu, wakakizika upesi upesi kando ya nyumba, eti ugonjwa ulioniua unaambukiza, wanawake wasisogee. Juu akamwaga saruji. Kisha akamgeukia Boke.

"Aliyekuoa kafa. Wewe si mke wa mtu, na hawa si watoto wa ukoo wetu. Watathmini wakifika, nisikukute hapa."

Kwa hiyo mwone Boke. Kafiwa, na boma linamponyoka, na watoto wake hawana tena jina la kuitwa.

Sasa sikilizeni jambo linalonisumbua mpaka leo. Mimi Isebania kila jioni niliweka sahani pembeni, ya Boke na watoto. Boke huku kila jioni aliweka tonge juu ya saruji yangu. Tukawa tunalishana, marehemu kwa marehemu. Sahani yangu ililiwa na paka, nilimwona. Lakini tonge la Boke nalo lilikuwa linaisha, na sisi hatufugi paka wala mbwa. Nimewauliza wote. Wala msinitazame hivyo. Jioni zile zile nilikuwa nalala nimeshiba na sijala kitu.

Jingine. Robi alikwenda kwenye nyumba mojawapo ya zile tupu, akasimama dirishani, akaita, "Bibi!" Nyumba ikajibu, "Robi." Boke alikuwa nyuma yake, anaapa alisikia. Mimi husema ni njaa tu. Ila kuna siku Isebania nilikuwa nachambua karanga, nikalitaja jina la Robi kwa sauti, mpaka ndugu yangu akatoka jikoni kuuliza naongea na nani.

Boke akashuka mjini, kwenye kituo cha msaada wa sheria pale Nkende. Akapokelewa na wale wanafunzi wawili waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Mmoja Tabitha, binti wa kabila la Wanata kutoka Serengeti. Mwingine Elkana, kijana wa Kijaluo, mrefu, kavaa tai kwenye jua lile. Elkana alisikiliza nusu ya maneno, akafungua kitabu.

"Dada, kisheria mwanamke haoi mwanamke. Kwa hiyo wewe si mjane, na mirathi huna."

Boke akafunga kanga yake vizuri, akasema asante, akatoka. Ameambiwa na chuo kikuu maneno yale yale aliyoambiwa na Waitara. Tofauti ni tai.

Wakili Verdiana, mkuu wa kituo, alikuwa chumba cha pili na masikio yake.

"Elkana, yule mama alikuja na tatizo gani?"

"Ndoa isiyotambulika, madam."

"Hilo ni jibu lako. Nimeuliza tatizo lake."

Elkana akafunga kitabu.

"Ana watoto, ana nyumba, ana shamba analolilima, na kuna mtu anamtoa. Mmeuliza nani kafa? Kafaje? Nani aliona? Nendeni Kerende mkamwombe radhi. Na hiyo tai ivue, utawatisha kuku."

Wakaenda. Tabitha aliniambia baadaye kwamba walipopita kati ya zile nyumba tupu, nywele zilimsimama. Wao wanaongea, na kuta zinaongea nyuma yao, zimechelewa kidogo, kama mtu anayejifunza kusema. Boke akawakaribisha viti. Elkana akaomba radhi amesimama, jasho linamtoka.

"Keti baba," Boke akamwambia. "Hujavunja chungu."

Safari hii hakuna aliyefungua kitabu. Waliuliza, wakangoja jibu.

"Nani aliosha maiti?" Tabitha akauliza.

"Hakuna."

"Uso wake uliuona?"

"Waitara alisema tusisogee."

"Na msibani mlinyoa nywele?"

"Alisema hakuna muda."

Tabitha akatazama kichwa cha Boke, nywele zimejaa tele. Akatazama ile saruji. "Dada Boke, kwetu hata ng'ombe hafukiwi hivi."

Elkana naye akapata lake. "Shangazi yangu anauza samaki sokoni Isebania. Huyo hajawahi kukosa msiba tangu azaliwe. Hata asipoalikwa huenda, analia kuliko wafiwa, kisha anakula kuliko waliochimba kaburi. Bibi akifa pale shangazi asilie, basi huyo bibi hajafa."

Akampigia simu hapo hapo. Shangazi akaja juu. "Msiba gani? Na mbona hamkuniambia!" Alipopoa akasema msiba hakuna, ila nyuma ya soko yuko bibi mmoja mgeni, Mkurya, mguu mbovu, anachambua karanga na kuwalilia watu wa boma lake waliofukiwa na shimo huko Tanzania.

Kesho yake nikamwona binti, ndiye Tabitha, kasimama mlangoni, ananikodolea macho, haniamkii.

"Kwenu hamna shikamoo?" nikamuuliza.

"Shikamoo bibi. Unaitwa nani?"

"Marahaba. Ghati wa Kerende."

Akakaa chini, pasipo na kiti. "Bibi, jana nilikuwa kando ya kaburi lako."

Nikaona ana homa. Nikamwambia pole, mimi mwenyewe nina wafu wangu, Boke na watoto wake, jana nimewawekea chakula.

"Boke?" akasema. "Boke jana alinipa uji."

Tukatazamana, ndugu zangu. Kwa muda sikujua kati yangu na yeye nani ni mzimu.

Siku ya baraza la kuamua boma ni la nani, wazee walikaa bomani kwangu, kaburi langu likiwa katikati yao. Wakili Verdiana alikuwa amewaonya wanafunzi wake: hapo si pa kusema wao, kazi yao ni kumwandaa Boke aseme mwenyewe. Waitara akaanza. Mkono juu ya saruji, machozi tayari.

"Wazee wangu, mama mkubwa alinitemea mate ya baraka hapa kifuani. Akasema, Waitara, boma ni lako, Boke arudi kwao. Akafunga macho."

Boke akasimama. Akasema kama alivyofanya mazoezi na Tabitha. "Nina swali moja, wazee. Nani hapa aliuona uso wa mama?"

Wazee wakamgeukia Waitara.

"Basi utazameni."

Nami, niliyevushwa mpaka na kufichwa nje ya ua, nikaingia langoni, Elkana kanishika mkono.

Viti vilianguka. Mzee mmoja, ambaye magoti yamemkataza kanisa mwaka mzima, alipanda juu ya pipa. Mwenyekiti akajikaza.

"Ghati, unatoka upande gani?"

"Isebania."

"Nauliza upande wa walio hai, au upande ule."

Waitara ana akili, simnyimi. Akapaza sauti kabla sijajibu. "Huyu si yeye! Ghati nilimzika kwa mikono hii. Huyu ni tapeli wa Kenya, wametafuta anayefanana naye. Na kama si tapeli, basi ni mzimu. Mkimgusa, msinililie mimi!"

Wazee wakarudi nyuma. Hofu ni rahisi kuliko kufikiri. Boke akasema huyu ni mama. Wakamwambia wewe una lako moyoni. Robi alitaka kunikimbilia, wakamdaka. Nilisimama pale katika boma langu, kando ya kaburi langu, na hakuna mkono hata mmoja wa kwetu ulionigusa. Nilianza kujikagua mwenyewe.

"Naenda kuita polisi," Waitara akasema.

FUNZO

Funzo huwekwa mwishoni, lakini nawajua. Mkishajua mwisho mnaondoka. Kwa hiyo naliweka hapa langoni, mtu asipite bila kulisoma.

Tamaa haiishii kumnyang'anya mtu shamba, humzika yu hai. Baadaye kaburi langu lilifukuliwa, na ndani palikuwa na gogo la mgomba limefungwa blanketi langu, kilemba changu kimefungwa upande wa kichwa. Wazee huzika mgomba badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana, hivyo Waitara alijua anachokifanya. Gogo lile lilikuwa limechipua mle gizani. Chipukizi jeupe kama kidole, limepinda kuelekea nyumbani. Mguu wangu wa kushoto una baridi tangu siku hiyo, gusa ukitaka.

Majirani, msikubali kuzika msichokiona, hata aliaye akilia vizuri. Nyinyi mnaosomea sheria, ulizeni kabla hamjajibu, maana kitabu hakijawahi kuuona uso wa mtu. Na wewe bibi mwenye nyumba ntobhu kama mimi, usingoje kufa. Nenda kwa watu wa sheria ungali unatembea, useme boma ni la nani. Boke leo yuko bomani kwa sababu wanafunzi wawili walikubali kurudi kuuliza upya.

Haya, nimemaliza. Tuendelee.

Waitara akageuka kwenda kuita polisi. Njia ya kutoka ni moja, lile lango jembamba. Minyara huwezi kuipasua, maziwa yake yanapofusha. Basi nikamwachia Elkana mkono, nikakaa chini pale pale langoni, nikanyoosha miguu yote miwili.

Akafika, akasimama.

"Pita, mura, ewe kijana," nikamwambia. "Mimi si tapeli tu wa Kenya? Miguu ya mgeni haina mwiko. Ruka uende."

Baraza zima likanyoosha shingo. Hata bati za zile nyumba tupu ziliacha kugongana. Waitara akainua mguu wa kulia. Ukaning'inia hewani juu ya goti langu, kisha akaurudisha alikoutoa. Akajaribu wa kushoto. Nao ukarudi.

"Ruka," Robi akasema kutoka mikononi mwa wazee.

Waitara akainama. Kwa sauti ndogo, ile ile aliyokuwa akiniombea uji utotoni, akasema:

"Mama mkubwa, kunja miguu nipite."