Taa Nane za Reijo

Nisikilizeni, wenye magari na wenye kupandishwa. Kisa hiki ni cha jirani zangu hapa Kelojärvi, kaskazini mwa Ufini, na sitamung'unya maneno.

Jumamosi moja ya Novemba nyumba ya Tuulikki ilikuwa imetulia. Watoto wake wawili, Venla na Oskari, walikuwa wametoka sauna, nywele mbichi, wanakula maandazi ya iliki. Tuulikki alijimiminia kahawa akaona dunia imekaa sawa. Ndipo mumewe, Reijo, akaingia na theluji mabegani, amekumbatia boksi kubwa.

"Mke wangu, njoo uone mambo!"

Ndani mlikuwa na taa nane za kufunga mbele ya gari.

"Na matairi ya nyuma?" Tuulikki aliuliza.

"Si nimeweka mapya mbele? Injini iko mbele, mbele ndiko kunakovuta. Ya nyuma yanafuata tu."

"Yanafuata? Jumatano kwenye kona ya kanisa nyuma ilitaka kunipita! Watoto wako walikuwa humo."

"Ulikanyaga breki kama unaua nyoka."

Ugonjwa wa Reijo mnaujua, maana wengi mnao. Alikuwa na rimu za kung'aa na spika za kutikisa madirisha, lakini matairi ya nyuma yalikuwa vipara, misumari yake ya kushikia barafu imeng'oka karibu yote. Na huku kwetu barabara ni barafu hadi Aprili!

Tuulikki alitoka nje, akachomeka sarafu ya yuro mbili kwenye mfereji kati ya kashata za tairi la nyuma. Kila mtu hapa anakijua kipimo hicho: duara jeupe la pembeni likizama, tairi bado lina uhai. Halikuzama hata kidogo. Alirudi ndani akaiweka sarafu mezani pamoja na funguo.

"Mimi sipandi tena. Na watoto hawapandi."

"Utawafikishaje kwenye basi la shule? Utawapa mabawa?"

"Kwa potkuri."

Reijo alicheka mpaka akakohoa. Potkuri ni kiti juu ya vyuma viwili virefu, unakisukuma kwa mguu juu ya barafu, na ndicho bibi zetu huendea dukani. Jumatatu asubuhi, giza bado nene, Tuulikki alimkalisha Oskari kitini, Venla akasimama juu ya chuma kimoja, wakaanza kilomita zao nne hadi kituo cha basi.

Dukani wanaume walimngoja kwa hamu.

"Tuulikki, gari limekufa?"

"Li hai. Limevaa taa nane, ila halina viatu."

Mama mkwe wake, Lempi, naye alipiga simu. "Mwanangu, unamwaibisha mume wako kijiji kizima."

"Aibu inapona, mama," alijibu, akarudi kupaka mafuta mikono iliyopasuka kwa baridi. Iliuma, na mara mbili alilia peke yake jikoni. Lakini funguo hakuzigusa.

Siku ya tisa Reijo alichoka kuchekwa. Aliwapita Tuulikki na watoto njiani, taa zote nane zikiwaka, akipiga honi, theluji ikawarukia usoni. Mbele, kwenye kona ya kanisa, walimwona akikanyaga breki. Mbele ya gari ilishika barafu, nyuma ikakataa. Gari lilizunguka mara moja, likaingia mtaroni kinyumenyume na kugonga msonobari.

Tuulikki alisukuma potkuri kwa nguvu zake zote. Reijo alikuwa amekaa kwenye theluji, goti limevimba. Taa zilikuwa bado zinawaka zote, nzima kabisa.

"Niko salama," alisema. "Gari tu."

"Simama uangalie nyuma."

Alijishikilia mlangoni akaangalia. Mti ulikuwa umeingia ndani, na kiti cha Oskari kilikuwa kimekunjwa kama karatasi. Reijo alimtazama mwanawe, aliyesimama barabarani na kofia yake nyekundu, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Tuulikki hakumpigia kelele. Aligeuza potkuri.

"Kaa hapo, tukupeleke nyumbani."

Na akakaa. Alisukumwa mbele ya duka, mbele ya wale wale waliocheka.

FUNZO

Gari halisimamishwi na urembo. Kabla ya taa, kabla ya rimu, kabla ya muziki, weka matairi mazima, manne yote, maana hata mtoto wako hukaa nyuma. Na wewe unayeambiwa ni mkaidi kwa kukataa kupanda gari bovu, kataa. Kataa mbele ya mume, mbele ya mkwe, mbele ya duka zima. Wengine mtanikasirikia kwa haya. Nikasirikieni, lakini mkiwa nje, mmeinama, sarafu mkononi.