Namba Aliyoijua Kaka

Duka la kampuni ya simu lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni, kila mmoja ameshika kikaratasi chake cha foleni na uso ameukunja. Zamu ya kaunta ilikuwa ya Mshonaji. Alivaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni kwa sababu alitoka kazini mbio. Simu yake ilikuwa imeibwa asubuhi ile.

Binti wa kaunta alimshauri achukue laini mpya na namba mpya, yaishe. Mshonaji akatikisa kichwa.

"Nataka ileile, mdogo wangu. Ilikuwa ya marehemu mama. Ndiyo namba pekee kaka yangu anayoijua kwa kichwa."

Akaitaja kwa sauti, tarakimu moja moja, kisha akairudia maana kelele zilikuwa nyingi. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, mkoba wa kompyuta begani, shati jeupe limefuliwa likatakata lakini pasi halikuiona. Aliisikia ile namba, na ikamkaa.

Walipotoka nje alimfuata kwa adabu. "Samahani, dada. Namba yako nimeshaishika bila kupewa. Naomba ruhusa ya kuitumia, au nijitahidi kuisahau."

Mshonaji alimtazama kuanzia viatu hadi shingoni. "Kola yako imelala upande. Njoo kazini kwangu inyooshwe, ndipo tuzungumze ruhusa."

Akaenda. Kesho yake alikwenda tena, na shati jingine lililokunjamana, hata mama mmoja mtu mzima aliyepiga pasi kwenye chumba kile cha ushonaji, ambaye wote walimwita Bi Pasi, akamwuliza kama nyumbani kwake analalia nguo. Mshonaji alimwandika kwenye simu kwa jina la Kola, na jina likaganda.

Mapenzi yao yalikuwa ya mchana. Kola alipiga simu saa ya chakula, akamwita mpenzi, akamwita fundi wangu, akauliza vifungo vya moyo wake vimeshonwa na uzi gani. Mshonaji alicheka, lakini hakukubali mazungumzo marefu, na sababu alimweleza mapema. Kaka yake alikuwa nchi ya mbali kwenye kazi ya ujenzi. Tajiri wao aliwanyang'anya simu. Kaka akipata nafasi aliazima simu ya mpita njia, kila mara namba nyingine. Ndiyo maana Mshonaji hupokea kila namba asiyoijua kabla haijaita mara mbili, na neno lake la kwanza ni lilelile: Kaka, ni wewe? Wazazi walikwisha kufa. Walibaki wawili tu duniani, na kati yao ile namba.

Kola aliyasikia yote hayo, tena kwa huruma. Lakini kuna mtu husikia kwa sikio la mapenzi, kichwa kikawa kwingine.

Kichwa chake kilikuwa kwenye kazi. Kampuni moja ya kuuza mashine za kuchuja maji ilimwajiri atengeneze programu ya kutafuta wateja. Wauzaji wao walikuwa wakipoteza nusu ya siku kusoma mabango ya barabarani na kubembeleza wapokea wageni wawape namba ya bosi. Programu ya Kola ungeipa jina la mtu na kazi yake tu, nayo ingepekua matangazo, kurasa za biashara na orodha za zamani, ikarudi na namba. Tena ingempanga kila mtu kwa daraja: anayepokea upesi anapanda juu, asiyepokea anashuka, ili muuzaji asipoteze pumzi.

Siku ya kuijaribu alihitaji mtu ambaye namba yake ya kweli anaijua. Kichwani alikuwa na namba moja tu. Basi, kama mtu anayejaribu kalamu mpya kwa kuandika jina la mpenzi wake, aliandika jina la Mshonaji na neno "mapazia." Mashine ikaenda, ikarudi na namba ya marehemu mama, imeiokota kwenye tangazo la zamani la Mshonaji la kushona mapazia. Kola aliruka kwenye kiti. Akamwonyesha bosi, bosi akampiga bega, wakapeana mikono. Katika furaha ile hakukumbuka kulifuta jina.

Simu zikaanza kumwagika. Mshonaji alikuwa na kitambaa chini ya sindano, simu ikalia, akaacha kukanyaga cherehani. "Kaka, ni wewe?" Sauti ya kijana ikamsalimu na kumwuliza kama familia yake inakunywa maji salama. Akakataa kwa upole. Baada ya kitambo kidogo ikalia nyingine. Mashine haikujua upole ni nini. Ilijua tu kwamba mwanamke huyu hupokea papo hapo, ikazidi kumpandisha daraja na kumgawa kwa muuzaji mwingine. Kuacha kupokea hakuweza. Kila mlio aliomba kimoyomoyo, Ee Mungu, awe yeye.

Mishono ikaanza kwenda kombo. Bi Pasi akamwambia anunue hiyo mashine ya maji wapumue. Mshonaji akamjibu kwamba alishawauliza, na ukinunua wanakupigia kukuuzia vipuri.

Kisha mchana mmoja, muuzaji akiwa katikati ya maneno, Mshonaji alisikia mlio wa simu nyingine ikigonga nyuma. Alikata, lakini ile nyingine ilikuwa imeshakatika. Ilikuwa namba ya mbali. Akaipigia, akapokea mwanamume asiyemjua, upepo ukivuma.

"Ndiyo, kuna kibarua aliniomba simu," yule mtu alisema. "Kajaribu na kujaribu, njia haikupatikana. Wamepakiwa kwenye lori, wanahamishwa kambi."

"Kambi gani, baba?"

"Hata wao hawakuambiwa."

Mshonaji alikaa na simu mapajani mpaka ikalia tena. Safari hii alimwuliza muuzaji, kwa utulivu uliomshangaza hata Bi Pasi, namba yake waliitoa wapi. Binti wa watu akajibu bila kuficha kwamba ipo kwenye mfumo, tena fundi wao mwenyewe ndiye aliyemweka wa kwanza. Fundi gani? Yule mrefu, dada, wa mashati yasiyopigwa pasi.

Saa ya chakula Kola akapiga, na utani wake tayari mdomoni.

"Usinipigie tena," Mshonaji alimwambia. "Unaziba njia."

Akakata. Kola alibaki ameshika simu kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake. Alijiuliza kosa, asilipate. Alijaribu kudhani kuna mwanamume mwingine, na wivu ukamla hamu ya chakula.

Alilipata ofisini, alipoitwa kurekebisha kitu kidogo. Wauzaji walikuwa wamekusanyika kwenye meza moja wakicheka. Simu zote zilirekodiwa, na walikuwa wakisikiliza za mteja mmoja waliyempa jina la Kaka-ni-wewe, kwa kuwa kila ukimpigia huanza hivyo. Mmoja akabonyeza ili na Kola acheke.

"Kaka, ni wewe?" ilisema sauti anayoijua kuliko yake.

Alilifuta jina palepale, kisha akaingia kwa bosi. Bosi hakuwa mtu mbaya; alimkaribisha kiti. Akamweleza kwamba orodha imeshauzwa kwa watu wa magodoro, wa bima na wa viwanja, nao wameshaigawa wanakojua. "Umeifanya kazi vizuri mno, ndugu yangu," alisema. "Sasa si yetu peke yetu."

Kola aliacha kazi siku ile, akaenda chumba cha ushonaji. Hakukaa mpaka alipomaliza kusema yote, na jinsi alivyoijaribu mashine kwa jina lake. Mshonaji alimsikiliza huku akivuta uzi.

"Ifute."

"Nimeifuta kwetu. Huko ilikokwenda siwezi."

"Waambie."

"Siwajui. Na nikimpata mmoja, ameshampa mwingine."

"Ni wewe uliyeitengeneza."

"Ni mimi."

"Na huwezi kuizuia."

"Siwezi, mpenzi."

Pasi ikatoa mvuke. Bi Pasi akageuza uso ukutani. "Mungu anamwona kijana wetu bila namba," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Simu ikalia. Mshonaji akanyoosha mkono, na Kola akaona jinsi ulivyochoka.

"Nipe nipokee mimi," alisema. "Wewe shona. Akiwa yeye, itakuwa mkononi mwako kabla hajataja jina."

Mshonaji hakumsamehe siku ile. Alimpa simu tu. Lakini Kola alirudi kesho, na siku zilizofuata, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani akipokea na kukata, kupokea na kukata, mpaka siku moja Mshonaji akamwambia avue shati. Bi Pasi akainyoosha kola yake bila kuombwa, na wote watatu wakacheka kwa mara ya kwanza.

Ndipo Kola aliposema, bado amevaa fulana tu, "Nataka kukuoa."

Mshonaji alilaza mkasi. "Mimi nimekubali. Lakini baba sina, mama sina. Wa kuulizwa ni kaka."

"Basi nitamwuliza."

Wakaitazama simu wote wawili. Hakuna aliyejua lori lile lilishusha watu wapi.

Ikalia. Namba ngeni. Kola akaipokea, na kabla hajafikiri, maneno ya Mshonaji yakamtoka kinywani mwake:

"Kaka, ni wewe?"

Alikuwa mama mmoja mchangamfu, akiuza magodoro ya maharusi. Kola alimshukuru, akakata haraka, njia isizibe.