Kata ya Mwalimu Brekkhus

Kila asubuhi Ragna Sletten alikamua ng'ombe sita kabla jua halijachomoza. Kisha aliwasha jiko, akapika uji, akamsuka binti yake Inga. Zamani alikuwa anasuka vichwa viwili. Tangu Februari alisuka kimoja tu, na alikuwa bado hajazoea.

"Mama, unanivuta," alisema Inga.

"Tulia basi. Kikombe chako kiko wapi?"

"Kwenye mkoba. Lakini Mzee Kittil kasema nisikipeleke tena shuleni."

Ragna aliacha kusuka. "Kasema nini?"

"Kasema kwani sisi ni wafalme? Kasema kata ya maji iliyomtosha gavana na sisi itatutosha."

Ragna alimalizia kusuka, akafunga utepe, kisha akakisukuma kikombe hadi chini kabisa ya mkoba.

Kata yenyewe ilikuwa ya bati, yenye mpini mrefu. Ilining'inia kwenye msumari katika shule ya Nordal, juu ya ndoo ya maji. Shule ilikuwa na chumba kimoja na watoto thelathini na mmoja. Mwenye kiu alichota, akanywa, na maji yaliyobaki akayarudisha ndooni. Ndivyo walivyofanya wazazi wao pia, na hakuna aliyeona kosa.

Tena kata ile iliheshimiwa. Aliyeinunua alikuwa Anders Brekkhus, kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu. Brekkhus alizaliwa hapo hapo Nordal, katika nyumba ya udongo, mwana wa Wanorwei waliohamia nchi hii kutoka ng'ambo na sanduku moja. Alilima, akafundisha, akasomea sheria. Akawa mwendesha mashtaka wa wilaya. Akawashika masikio wenye reli, waliokuwa wakiwalipisha wakulima nauli ya kupita kiasi kwa kila gunia la ngano. Watu wakampeleka katika baraza la jimbo, na miaka minne iliyopita wakamfanya gavana.

Kila alipoomba kura alisema maneno manne: "Kata moja, watu wamoja." Maana yake, mimi nimekunywa pamoja nanyi, si kama matajiri wa mjini. Picha yake akinywa kwa kata ilibandikwa hata kwenye milango ya maghala. Na kila mwaka, tarehe kumi na saba ya Mei, sikukuu kubwa ya Wanorwei, alirudi Nordal akanywa kwa kata ile mbele ya umati. Mwanafunzi wake wa zamani huchota, huonja, humpa. Naye hunywa, kisha huwapa watoto.

Ragna alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Brekkhus ndiye aliyemfundisha kusoma. Alipokuwa msichana aliwahi kupigana na mtu aliyesema Mwalimu Brekkhus ana masikio makubwa.

Kisha ikaja Februari. Mtoto mmoja shuleni alikohoa, akanywa, akairudisha kata msumarini. Baada ya siku chache watoto watano walikuwa na dondakoo. Marit, mdogo wake Inga, alikuwa na miaka saba. Barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, na daktari alifika na dawa siku ya tano. Koo la Marit lilikuwa limekwisha kuziba.

Wazee walisema ni mapenzi ya Mungu. Mzee Kittil, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliagiza kisima kisafishwe. Kisima kikasafishwa. Kata ikarudi msumarini.

Mwanzoni mwa Mei alikuja Bi Purcell, muuguzi wa wilaya. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye gari la farasi mmoja. Alikuwa ametoka kwa Mzee Kittil, na uso wake ulionyesha alivyopokelewa. Ragna alimkaribisha jikoni. Halvard, mumewe, alikuwa mezani anakula mkate na bitiruti za siki.

"Bwana Kittil ananiambia kisima chenu ni safi," alisema Bi Purcell.

"Ni safi kweli," alisema Halvard. "Nimekichimba mimi na baba yangu."

"Sina ugomvi na kisima. Nina ugomvi na midomo. Bwana Halvard, hebu kunywa maji. Usijifute kwanza."

Halvard alicheka, akachota kwa kata ya nyumbani, akanywa. Muuguzi aliichukua kata, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ukingoni kulikuwa na alama nyekundu ya bitiruti. Kisha akaitumbukiza tena kwenye ndoo, polepole. Wekundu mwembamba ukaenea majini.

"Ukiwa na ugonjwa kooni, nao unabaki hapa hapa," alisema. "Anayefuata anaunywa. Tofauti ni moja tu. Ugonjwa hauna rangi."

"Lakini mtoto mgonjwa hakai nyumbani?" aliuliza Halvard. "Tutamwona."

"Si lazima. Wengine wanaubeba kooni na wanacheza kama kawaida. Huwezi kujua ni nani. Kwa hiyo kila mtoto awe na kikombe chake, asimwazime mtu. Kioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Ndoo iwe na kifuniko na koki, mkono wala kikombe visiingie ndani. Basi."

"Ni hayo tu?" aliuliza Ragna.

"Ni hayo tu."

Ragna alikaa chini. Kwa miezi mitatu alikuwa akijilaumu: labda alimvisha Marit koti jepesi, labda alimwacha akacheza kwenye theluji. Kumbe ni kata. Kitu cha kutundika na kutundua. Alitaka kulia lakini hasira ilitangulia.

"Na kwa nini hawatuambii?"

"Tunawaambia, Bi Ragna. Hawataki kusikia. Sasa kuna sheria ya kukataza kata za pamoja shuleni na stesheni. Imepita mabaraza yote mawili. Inangoja sahihi ya gavana. Asipotia sahihi mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini, inakufa. Baraza halikutani tena mpaka miaka miwili ipite."

"Si atatia tu. Ni mwalimu yule."

Bi Purcell alivaa glavu zake bila haraka. "Picha zake zote zina kata," alisema. "Mwandikie."

Usiku ule ule Ragna aliandika. Alichana karatasi mbili, ya tatu akaituma. "Mheshimiwa Mwalimu, mimi ni Ragna uliyenifundisha kusoma. Kata yako imemletea mwanangu dondakoo, naye amekufa. Inga wangu bado yuko katika shule hiyo. Tafadhali tia sahihi."

Jibu lilifika Jumatatu ya wiki ya sikukuu. Lilikuwa limepigwa chapa, lile lile la kila mtu, na juu yake kulikuwa na picha ya gavana ameshika kata. "Ndugu mpiga kura," lilisema, "gavana anakushukuru kwa barua yako ya kumuunga mkono."

Ragna alilisoma mara mbili. "Mpiga kura," alisema. "Mimi wanawake wa jimbo hili wamenipa kura lini?" Alikuwa amekasirika hata maneno yakagongana. Wanawake wa jimbo lile walikuwa hawajaruhusiwa kupiga kura. "Halvard, unaona? Nimemwambia mwanangu amekufa, ananishukuru."

"Ana makarani. Huenda yeye hakuiona."

"Basi ataiona."

"Ragna, yule mtu ametuokoa na watu wa reli. Bila yeye shamba hili lingeuzwa. Usije ukamwaibisha."

"Aliniokolea ngano," alisema Ragna. "Namshukuru kwa ngano."

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Kittil. Akaomba kwamba mwaka huu yeye mwenyewe Ragna amchotee gavana maji. Mzee alifurahi sana, kwa sababu alikuwa anaogopa maneno ya mama huyu.

"Afadhali umetulia," alisema. "Kinyongo hakijengi. Watu watafurahi kukuona."

"Bila shaka," alisema Ragna.

Jumatano ile kulikuwa na bendera kila mahali. Wanawake walipanga uji wa malai na mikate ya viazi kwenye meza ndefu nje ya shule. Gavana alifika kwa treni ya saa nne, mnene kidogo kuliko zamani, masikio yake yale yale. Mzee Kittil alikuwa ameisugua kata kwa majivu mpaka ikang'aa. Watoto walipanga mstari, na wa kwanza alikuwa Inga.

Ragna alisimama kando ya ndoo. Kabla ya hapo alikuwa ameingia nyuma ya shule na chupa ya bitiruti za siki, akala vipande vinne. Halvard alimwona akirudi.

"Midomo yako," alimnong'oneza.

"Najua."

Hakuna mwingine aliyetazama midomo ya mtu wa kuchota maji. Walikuwa wanamtazama gavana. Naye alitoa hotuba yake kuhusu nyumba ya udongo, na mwisho wake ukawa ule ule: "Kata moja, watu wamoja." Watu wakapiga makofi. Ragna akachota, akanywa, akabana midomo yake barabara kwenye ukingo. Kisha akampa.

"Ragna," alisema gavana, na uso wake ulichangamka kwelikweli. "Wewe si ulikuwa unakaa karibu na jiko? Ulikuwa unasoma kuliko wavulana wote."

"Ndiyo, Mwalimu. Kunywa."

Aliinua kata. Bati lililosuguliwa halifichi kitu. Aliona alama nyekundu pale alipotaka kuweka mdomo, akasita.

"Ni nini hiki?"

"Bitiruti, Mwalimu. Nimekula bitiruti. Unaiona kwa sababu ina rangi." Ragna alisema kwa sauti ya kawaida, lakini waliokuwa karibu waligeuka. "Ya Marit haikuwa na rangi."

"Marit ni nani?"

"Binti yangu. Alikuwa anakunywa hapa."

Mzee Kittil alikuja mbio kidogo. "Bi Ragna, leo sikukuu. Mheshimiwa, mama huyu amefiwa, msamehe."

"Sikuomba msamaha," alisema Ragna. "Nimemchotea maji. Akishakunywa atampa Inga, kama kila mwaka. Inga ndiye niliyebaki naye."

Gavana alimtazama Inga, aliyekuwa ameshika kikombe chake mwenyewe kwa mikono miwili. Akaitazama tena kata. Wapiga tarumbeta wa sikukuu hawakujua wapige au wasubiri.

"Kwa nini hukuniandikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ragna alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa ile karatasi. "Nilikuandikia. Na ulinijibu."

Gavana alisoma. Hayakuwa maneno mengi, lakini aliyasoma mara mbili. Shingo yake ilibadilika rangi juu ya kola. Halafu aliinamisha kata, akamwaga maji yote kwenye nyasi. Hakutoa hotuba nyingine. Alichukua kikombe cha Inga, akaenda mwenyewe kwenye bomba la kisima, akavuta maji, akakisuuza, akakijaza, akamrudishia.

Ijumaa alitia sahihi.

Shule ya Nordal ilipata ndoo yenye kifuniko na koki. Ukutani ilipigwa misumari thelathini na mmoja, na chini ya kila msumari jina la mtoto. Kila alasiri watoto wawili waliosha vikombe vyote kwa maji ya moto na sabuni, kwa zamu. Asiyekuwa na kikombe alipewa, kwa sababu Bi Purcell alikusanya vya bure katika maduka. Majira ya baridi yaliyofuata dondakoo lilirudi. Lilimpata mtoto wa mhunzi. Aliwekwa nyumbani, daktari akaitwa siku ya kwanza, akapona. Hakuugua mwingine hata mmoja.

Ndiyo, Brekkhus aligombea tena, na alishinda. Safari hii picha zilimwonyesha ameshika kikombe kidogo, na chini yake maneno: "Kila mtoto na kikombe chake." Mzee Kittil naye alimwambia kila mtu kwamba hilo lilikuwa wazo lake tangu zamani. Ragna aliposikia alitupa taulo mezani, mbele ya Bi Purcell aliyekuja kunywa kahawa.

"Waache wajisifu," alisema Bi Purcell. "Vikombe si vipo?"

"Vipo," alisema Ragna. "Lakini ilibidi mtoto wangu afe ndipo wapate picha nzuri."

Bi Purcell alikunja lile taulo, akanywa kahawa yake.

Majira ya kuchipua ilikuja barua kutoka ofisi ya gavana. Waliomba ile kata ya zamani, itundikwe katika jumba la serikali, chini ya kioo, kama ukumbusho wa maisha ya Mheshimiwa. Kamati ya shule ilimpa Ragna ajibu, maana sasa alikuwa mjumbe. Halvard alisimama nyuma yake akisoma anachoandika.

"Ndugu mpigiwa kura," aliandika Ragna, "tunakushukuru kwa barua yako ya kutuunga mkono. Kata ina kazi."

"Kazi gani?" aliuliza Halvard.

"Inazoa majivu ya jiko la shule," alisema Ragna, akabandika stempu.